Kutafuta nitrati katikati ya chumvi ya Tudor

Wapwani wenzangu, maji yetu ya bahari ni mkaidi! Nimeshinda maabara na chupa za maji ya mkondo wa Tudor, hapa Mombasa, yaliyotekwa wakati wa maji kupwa. Natafuta nitriti na nitrati, michanganyiko ya nitrojeni na oksijeni, maana ndizo zinazochongea maji taka na mbolea.

Tatizo ni kloraidi, ile klorini iliyomo kwenye chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloraidi, na nitrati mara nyingi haifiki hata miligramu moja. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona pale Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Ukitumia kigunduzi kinachopima upitishaji wa umeme, mlima wa kloraidi kwenye grafu unaimeza nitriti, kwa sababu nitriti inatoka kwenye safu (bomba linalotenganisha vitu vilivyomo majini) mara tu baada ya kloraidi. Ukiyazimua maji mara mia, kloraidi inapungua kweli, lakini na hicho kidogo unachokitafuta kinapotea.

Dawa yake naipenda mno: mwanga wa urujuanimno, karibu nanomita 220. Nitriti na nitrati zinaufyonza, kloraidi karibu haionekani kabisa. Halafu kimiminika cha kusukumia sampuli unakitia chumvi ya kawaida, ndiyo, chumvi juu ya chumvi, ili ile ya baharini isivuruge vilele vya grafu. Anayebaki kusumbua ni bromaidi, ndugu wa kloraidi aliyemo pia baharini, takriban miligramu 65 kwa lita; hutoka kwenye safu karibu na nitrati, jirani asiyejua mipaka.

Mwenye safu ya akiba asiyoitumia aniandikie tafadhali. Bei ya mpya haisemeki.