Jaketi la Mbudya

Boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya, nje kidogo ya pwani ya Dar es Salaam, tuliipata Kunduchi, na manung'uniko yalianza kwenye bei. Tumeshapatana nauli, ndipo tunaambiwa miwani ya kuogelea inakodishwa peke yake, na kiingilio cha hifadhi kinalipwa kando. Nikalipa. Kilichonigomesha kupanda ni jaketi okozi.

Nililopewa lilikuwa limepauka, kibanio kimoja kimekatika, pengo limefungwa kwa kamba ya kiatu. Nahodha hakubisha. "Dada, livae, halafu mwenzio akuvute mabegani." Likapanda mpaka masikioni. "Hilo ukitumbukia linakuvuka." Akaleta jingine, akalibonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikirudi upesi, nzima. Ikibaki na shimo, au ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, imekufa. Haiwezi tena kulifanya jaketi lielee. Ndani kuna maandishi ya uzito wa mvaaji, ingawa kwa mengi yameshafutika. Mikanda yote hufungwa na kukazwa, na mtoto apitishiwe mmoja katikati ya miguu, la sivyo yeye anachomoka kwa chini na jaketi linabaki linaelea tupu. Boti nzima haikuwa na jaketi hata moja la mtoto, na watoto walikuwamo wanne. Hilo liliniudhi kuliko bei ya soda kisiwani.

Ilikuwa bamvu, siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, mwezi mpevu juzi yake. Saa 4 asubuhi maji yamekupwa, tukashuka na kutembea majini, raba miguuni kwa sababu ya wale viumbe wa baharini weusi, wa mviringo, wenye miiba mirefu, waliojificha kwenye mawe. Mwiba wao ni mwepesi kukatika, ukiuvuta ovyo kipande kinabaki nyamani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu hupungua.

Maji ya bamvu Dar hupanda mita 3 hivi kwa saa 6, lakini si kwa mwendo mmoja. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi, na siku ile ziliangukia kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati kila mtu anataka kuoga. Yakikaribia kujaa kabisa, mkondo hulala. Hapo ndipo pa kuogelea. Penye mawimbi, ukiona ukanda laini usiovunja, povu na mchanga vikielekea nje, huo ni mkondo. Ukikubeba usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, kisha geukia nchi kavu. Ukichoka, lala chali, inua mkono, uite.

Kwetu Mwanza ziwa halijui kupwa wala kujaa, hivyo hesabu hizi hatukufundishwa. Jaketi tungepaswa kulijua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wetu, na bado naona mitumbwi ikivusha watoto vifua wazi. Jumamosi navuka kwenda Ukerewe. Nitayabonyeza yote kabla ya kulipa.