Anachokionyesha mgonjwa akichemsha chai

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika wodi ya wagonjwa wa akili walio katika hali kali humkuta mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayotumia shughuli za kila siku, mezani pamoja na rangi, nyuzi na mikasi iliyohesabiwa kabla ya kipindi na itakayohesabiwa tena baadaye, akadhani kwamba kazi yake ni kuwachangamsha wagonjwa ili siku isiwe ndefu. Nami nilidhani hivyo katika miezi yangu ya kwanza wodini, ingawa nilipaswa kujua zaidi.

Kilichonigeuza mawazo ni tathmini ya jikoni. Sitasimulia kisa cha mtu, kwa kuwa si changu kukisimulia, lakini sura yake hujirudia: mgonjwa anayewajibu madaktari vizuri wakati wa raundi, akataja tarehe, mahali alipo na dawa zake zote, anapoombwa achemshe chai huliweka birika jikoni likiwa tupu, au huacha moto ukiwaka akaondoka. Maswali hupima anachokijua, ilhali jiko hupima kumbukumbu, umakini, mpangilio wa hatua na tahadhari kwa pamoja. Kinyume chake pia hutokea, kwani mtu mwenye sonona kali, asiyesema neno kwa siku kadhaa, hupewa nguo akazikunja kwa unadhifu, na hapo timu hujua pa kuanzia.

Kuanzia huko kuna vipimo vyake. Mwenye mania, yaani hali ya msisimko uliopita kiasi, huhitaji kazi fupi, vifaa vichache na chumba kitulivu, kwa sababu msisimko mwingi humzidishia hali. Mwenye sonona hupewa kazi itakayomalizika ndani ya muda mfupi, ili alione tunda lake kabla ya kuchoka. Kwa mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, dawa zinaweza kuzinyamazisha sauti hizo na bado zisimrudishie msukumo wa kuamka, kuoga na kuanza jambo, na hilo ndilo pengo ambalo tiba hii hulishughulikia. Kiti cha kubembea na blanketi zito, navyo, huweza kumtuliza mtu kabla hasira haijafika pa kufungiwa chumbani.

Fikra yenyewe si ngeni. Daktari Adolf Meyer, katika makala yake iliyochapishwa Marekani mwaka 1922, aliyaeleza maradhi mengi ya akili kuwa matatizo ya kuishi, yanayovuruga mizani ya kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Tofauti ni kwamba wagonjwa wengi wa enzi zake walikaa hospitalini kwa miezi au miaka, nasi mara nyingi tuna siku au wiki chache tu, kwa hiyo mtaalamu hulazimika kuchagua: je, mtu huyu ataweza kukumbuka dawa, kutunza fedha zake na kulala usiku akiwa peke yake?

Nina lalamiko moja. Katika wodi niliyofanya kazi, tarehe ya kumruhusu mgonjwa ilipangwa kwenye raundi ya asubuhi, na tathmini ya jikoni ikafanywa alasiri, nafasi ikipatikana. Mara kadhaa ripoti yake ilifika wakati kitanda kimeshatandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine.