Jinsi Nilivyopata Watu wa Kujitolea Kanisani Baada ya Mafuriko

Jumapili ya kwanza baada ya mafuriko nilisimama mbele ya kanisa wakati wa matangazo, nikaeleza kwamba nyumba nyingi za jirani zetu zimejaa tope na kwamba mwenye nafasi aje tusaidiane kuzisafisha. Waumini waliitikia “Amina” kwa sauti kubwa, na wengi walinishika mkono mlangoni wakiniambia tuko pamoja. Asubuhi iliyofuata tulifika watu wanne. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, nikiwawazia wenzangu mabaya, mpaka jioni yake mzee mmoja wa kanisa aliponiuliza kwa upole, “Mwanangu, wewe uliwaomba wafanye nini?” Nilipokosa jibu nikatambua kwamba nilikuwa nimetangaza shida, lakini kazi sikuigawa kwa mtu yeyote.

Siku mbili zilizofuata sikushika beleshi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na katibu wa kanisa, tukaandika kwenye daftari kila nyumba ina vyumba vingapi, maji yalifika wapi ukutani, nani anaishi humo, na ni kitu gani mwenyewe anataka kitangulie. Swali hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa maana mmoja alitaka choo kisafishwe kwanza, mwingine alitaka apatiwe mahali pakavu pa kuweka nguo za watoto, ilhali sisi tungefika tu na kuanza na sebule. Tuliomba pia ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na tukamshauri apige picha kila chumba kabla ya kitu chochote kutolewa, kwa sababu tope likishaondoka, ushahidi wa hasara nao huondoka. Daftari lilipojaa ndipo tulipoigawa kazi katika zamu za saa nne, kila zamu ikiwa na idadi ya watu wanaohitajika na vifaa vyao.

Mchungaji alipoona mpango huo alisoma ibadani Nehemia sura ya 3, ambako ukuta wa Yerusalemu unajengwa kipande kwa kipande, na kila kipande kimetajwa pamoja na waliokijenga, wakiwamo wafua dhahabu, watengenezaji wa manukato, na Shalumu yeye na binti zake. Ni sura ambayo wengi wetu huiruka kwa wingi wa majina. Safari hii ilisomwa yote, na naamini iliwagusa watu kuliko tangazo langu la Jumapili iliyotangulia.

Kisha nikaanza kuwapigia watu simu, mmoja mmoja, nikimtaja kila mtu kwa jina lake. Sikusema tena “mwenye nafasi aje.” Nilisema, “Dada, Jumatano kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita tunahitaji mtu wa sita wa kutoa tope katika nyumba ya vyumba vitatu, buti na glavu zipo, je, utaweza?” Aliyeweza alisema ndiyo papo hapo, na asiyeweza alitaja siku yake nyingine. Katika mazungumzo hayo ndipo nilipojua kilichowazuia mwanzoni. Mmoja alidhani akienda mara moja atatakiwa kwenda kila siku. Mwingine aliogopa magonjwa. Wapo walioona aibu kuingia katika nyumba ya mtu wasiyemfahamu wakati ameharibikiwa. Mama mmoja mwenye umri mkubwa aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba mgongo wake hauwezi koleo. Nilimwomba ashike daftari la zamu na simu, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyekosa zamu bila yeye kujua sababu na kumpata wa kuziba nafasi yake. Alikuwa anawajua watu wa kanisa lile kwa miaka mingi, na hakuna aliyemkatalia.

Hofu ya magonjwa ilikuwa na msingi, kwa hiyo hatukuipuuza. Maji ya mafuriko huchanganyika na maji taka, mafuta na kila kilichokuwa njiani, na ndani ya tope hujificha misumari na vioo. Kila zamu ilianza kwa maelezo ya robo saa, na asiyeyasikia hakuingia. Hakuna aliyekanyaga ndani kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu, na pale ambapo kuifikia swichi kulihitaji kusimama ndani ya maji, tulimsubiri fundi umeme. Jenereta ilikaa nje, mbali na milango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Mwenye kidonda alikifunga vizuri au alipewa kazi ya nje, maana pepopunda na homa ya mgunda huingia kwa njia hiyo hiyo. Tope lilitolewa kwanza, kuta zikasuguliwa kwa sabuni na maji, kisha ndipo klorini ikatumika, kwa sababu klorini haifanyi kazi ipasavyo juu ya uchafu. Na kuichanganya na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye amonia, tulikataza kabisa kwa ajili ya gesi ya sumu inayotokea. Nilichogundua ni kwamba maelezo hayo yenyewe yalituletea watu. Mama aliyeona mwanawe amerudi mzima, amevaa barakoa na glavu, alimruhusu na mdogo wake, mradi awe ametimiza miaka 18.

Pia tuliwaeleza watu kwa nini tunaharakisha. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kitu kilowe, na sisi tulikuwa tayari tumechelewa. Magodoro yaliyolowa maji ya mafuriko yalitoka yote. Ilikuwa vigumu kumweleza mwenye nyumba jambo hilo, na kazi ya kumweleza tulimpa mtu mmoja tu katika kila zamu, mtu mwenye subira.

Kuna suala moja lililotugawa kidogo. Baadhi ya wenzetu walitaka tugawe vipeperushi vya kanisa katika kila nyumba. Mimi nilipinga. Kanuni za maadili ambazo Harakati ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada walizikubali mwaka 1994 zinasema kwamba msaada hutolewa kwa kipimo cha uhitaji, na kwamba hautumiwi kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Mtu aliyepoteza kila kitu hana uhuru wa kukukatalia unapomhubiria huku umeshika beleshi lake. Tulikubaliana kuomba pamoja na mwenye nyumba endapo yeye mwenyewe ataomba, basi. Baada ya hapo majirani wa imani nyingine walijiunga nasi, na wawili kati yao wakawa wakuu wa zamu.

Sitasahau zamu moja ya alasiri. Kijana wa kwaya alikuta chini ya kabati albamu ya picha imeshikamana kwa tope, akawa anaelekea nayo kwenye rundo la taka. Mkuu wa zamu alimzuia. Waliketi kwenye ngazi na beseni la maji safi ya baridi, wakaziachanisha picha taratibu kabla hazijakaukiana, wakazisuuza moja baada ya nyingine bila kuzisugua, wakazilaza kwenye kitambaa zikitazama juu. Mwenye nyumba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, alikuja akaketi kando yao na kuanza kuwatajia walio pichani. Kijana yule hakukosa zamu hata moja baada ya siku hiyo.

Wiki ya tatu watu walipungua, kwa kuwa likizo za kazini ziliisha na miili ilichoka. Tulizifupisha zamu ziwe za saa tatu, tukahamishia nyingi Jumamosi, na tukapiga marufuku mtu kufanya siku tatu mfululizo, hata kama mwenyewe anataka. Nyumba ya mwisho katika daftari ilikamilika wiki ya sita.

Daftari lile bado lipo. Kila mwaka yule mama humpigia simu kila aliyeandikwa, akamuuliza kama bado yupo, siku gani anapatikana, na kama ana toroli, pampu au gari la mizigo. Nakala moja iko ofisini kwa mchungaji, na nyingine iko kwa mtu anayeishi mlimani, kwa sababu mwaka ule maji yaliingia hata katika kabati la ofisi na kuharibu orodha yetu ya waumini.