Siku moja maishani mwangu: nyumba ya tano kulia, ya kumi kushoto

Saa kumi na moja alfajiri. Kazi yangu ya kwanza ni kuchagua nguo. Mhoji wa utafiti wa maoni ya wapiga kura havai manjano wala rangi ya chungwa, kwa kuwa hapa Kenya watu huzisoma kama rangi za vyama vya siasa vya UDA na ODM, na mwenye nyumba akikiona chama mwilini mwako atakujibu kwa kukuridhisha au hatakujibu kabisa. Hata leso naisoma maandishi yake kwanza. Leo nimevaa gauni la kijivu na mtandio mweupe.

Saa mbili asubuhi. Tumefika Kaloleni, wahoji wanne na msimamizi wetu, tukapitia kwa chifu kuonyesha kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali hivyo. Mzee wa kijiji anayetusindikiza ananiuliza swali ninaloulizwa kila kaunti: watu wanane watakisemeaje kijiji kizima? Namjibu kwamba hawakisemei. Wanaunganishwa na wanane wanane wa maeneo mengine 299, yaliyopatikana kwa kubahatisha kutoka maeneo ya kuhesabia watu ya sensa ya 2019, kila kaunti ikipewa fungu kulingana na wingi wa watu wake. Hapo ndipo wanapotimia 2,400, ambao majibu yao yanaweza kupishana na ya Wakenya wote kwa takriban asilimia 2 juu au chini. Tungehoji nusu yao, pengo hilo lingekaribia asilimia 3. Kijiji chake peke yake hakitatangazwa kamwe, na hilo naona limempa utulivu.

Saa tatu. Kutoka mahali pa kuanzia, kila mhoji anashika upande wake; nyumba ya tano mkono wa kulia, kisha ya kumi mkono wa kushoto. Nyumba yangu ya tano haina kivuli na ina mbwa, na ya sita ina mama mwenye tabasamu anayenikaribisha kwa mkono. Napiga hodi kwenye ya tano.

Humo wanaishi wanawake watatu wenye miaka 18 na zaidi, na zamu hii ni ya kumhoji mwanamke. Nampa mama mwenye nyumba kadi zilizofunikwa, kila moja ikiwa na namba ya mmoja wao. Anavuta namba 3, na namba 3 ni mkazamwana wake, aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu.

“Huyo hajui siasa, binti. Niulize mimi, niliyeanza kupiga kura zamani.”

“Mama, kadi umeivuta mwenyewe, nami sina ruhusa ya kuirudisha.”

Ni dakika ngumu, kwa sababu namheshimu na yuko nyumbani kwake. Lakini nikikubali hapa na mwenzangu akakubali kwingine, tutarudi na sauti za wale ambao husikika siku zote, na wake vijana watatoweka kwenye hesabu bila mtu yeyote kujua kwamba wametoweka. Tukaenda kukaa chini ya mkorosho, mbali na masikio.

Maswali manne ya mwanzo alijibu “sijui,” macho yakielekea mlangoni. Sikutikisa kichwa wala kumsaidia kwa mfano, nilinyamaza. Nilipomuuliza ni tatizo gani serikali ingelishughulikia kwanza, aliweka mikono magotini, akanieleza habari ya maji: dumu la lita 20, safari ngapi kwa siku, na bei ya bodaboda likiletwa nyumbani. Kuhusu nani angempigia kura ya urais, hatusomi majina; tunauliza na kungoja. “Hiyo ni siri yangu,” alisema. Nikaandika kwamba amekataa kujibu. Kukataa ni jambo moja, kutojua ni jingine, na kutoamua ni la tatu, na hunisikitisha kuyaona yote matatu yakirundikwa kwenye kipande kimoja cha kijivu cha chati ya matokeo kwenye runinga.

Saa saba mchana. Tunakula mihogo na samaki chini ya mwembe, na mazungumzo yanarudi kwa mwaka 2022. Tafiti nyingi za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele. Baada ya kura ya Agosti 9, William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65 ya walioandikishwa, ilhali mlangoni karibu kila mtu hukuambia atapiga kura. Maoni yangu ni kwamba tulimsikiliza aliyesema jina, tukampuuza aliyesita na yule ambaye siku ile angebaki nyumbani.

Saa nane. Katika nyumba ya kumi, kadi imemwangukia mume, naye ni mgema, yuko minazini. Kumbadilisha ni rahisi. Nitarudi.

Saa kumi na mbili jioni. Nimemkuta anashuka kutoka mnazini, kitoma kikining'inia kiunoni. Kabla ya kukaa ananiuliza nani ametulipa na matokeo yatakwenda wapi. Nikamweleza, nikaongeza kwamba kwa sheria ya 2012 anayetangaza utafiti wa uchaguzi lazima aseme nani aliugharamia, wangapi walihojiwa na kwa njia gani. Alijibu yote bila kusita. Swali la mwisho huwa lile lile: unadhani ni nani aliyetutuma?

“Serikali,” alisema.

Nilikuwa nimemweleza tangu mwanzo kwamba si serikali. Sikumsahihisha, niliandika alivyosema, ili wachambuzi waweze kulinganisha majibu ya wenye dhana hiyo na ya wengine, waone hofu imegusa wapi.

Saa tatu usiku, Mariakani. Mtandao umepatikana, na mahojiano yote manane ya timu yetu yametumwa. Kesho msimamizi atawapigia simu baadhi ya wahojiwa kuhakiki kwamba kweli tulifika.