Mama na wale wageni wa kwenye simu

Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, zaidi ya miaka thelathini. Hakuwa na daftari. Nani kachukua magunia mangapi, nani bado hajalipa, yote yalikuwa kichwani. Leo ana demensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu, na kuna siku ananiita kwa jina la marehemu dada yake.

Watafiti wa ugonjwa huu waliposema wanatafuta familia za kushirikiana nazo kupitia mtandao, nilidhani wanataka damu. Kumbe walitaka tuyapitie maswali yao kabla hawajayapeleka kwa wagonjwa, tuwaambie wapi pamekaa vibaya. Nikakubali.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha video, Jumamosi saa kumi jioni. Mama akaona nyuso tisa kwenye simu, akasalimia "Mwangaluka!", ambayo kwa Kisukuma ni salamu ya asubuhi, kisha akanigeukia: "Wageni wote hawa, umewapikia nini?" Akaichukua simu, akaigeuza nyuma aone wamekaa wapi. Tukacheka wote. Lakini haikupita robo saa akawa anajifunga kanga ya kutokea, anataka kwenda kwao, na hapo tuko kwake. Jioni ndiyo saa yake mbaya; wengi wenye ugonjwa huu huchanganyikiwa zaidi jua likianza kushuka. Maswali yaliyobaki nikayajibu mimi. Wakashukuru sana. Mimi usiku sikuridhika, maana walitaka kumsikia mgonjwa wakaishia kunisikia mimi.

Kesho yake nikampigia mratibu. Nikamwomba watume swali moja moja kwa ujumbe wa sauti, nimsikilizishe mama asubuhi akishakunywa uji, nimrekodi atakachosema hata kama kinaenda kando. Sauti yake iende kwa mratibu peke yake, maana ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp huijui itaishia kwa nani. Na bando walipe wao. Hilo la bando nilikaribia kulimeza kwa aibu, lakini ujumbe wa kila siku unakula hela, nami ni fundi cherehani. Wakakubali yote.

Kila asubuhi nilimwuliza kwanza: tuwajibu wale watu? Akipunga mkono, naiweka simu. Kuna wiki nzima ilipita hivyo, na mratibu, namshukuru, hakunisukuma.

Siku moja likaja swali lililoandikiwa sisi walezi: "Je, unaonaje mzigo wa kumtunza mgonjwa?" Nilitaka tu kusikia linavyosikika, nikalifungulia sauti mama akiwa anachambua mchele. Akaacha ungo. "Mzigo umefika? Boti gani, ya Goziba?" Nikamwambia hapana mama, wanauliza habari za kukutunza wewe. Akakaa kimya, vidole bado vimeshika punje. Halafu akasema, taratibu tu, "Kwa hiyo mzigo ni mimi."

Sikuwa na la kujibu. Nilifikiria kuifuta ile rekodi, kisha nikaituma kama ilivyo, na ukimya wake wote. Lile neno nilikuwa nimelisoma mara tatu kwenye fomu na sikuliona. Wiki mbili baadaye fomu ilirudi ikiwa imeandikwa "kazi ya kumtunza".

Kulikuwa na swali jingine, la kupima kumbukumbu: leo ni tarehe ngapi? Vipimo vingi vya namna hiyo vilitungwa kwa watu waliopita shule, ndiyo maana kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo ambacho mzee hahitaji kusoma wala kuandika. Anataja wanyama, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Mama hajawahi kuishi kwa tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo alipoulizwa tarehe alijibu, "Mwezi umepevuka. Usinunue wiki hii, utauziwa wa zamani."

Kwenye karatasi hilo ni kosa. Usiku nikatoka uani kutazama. Ulikuwa umekaa juu ya mabati ya jirani, mzima, mweupe kama sahani. Nikaupiga picha, nikamtumia mratibu pamoja na sauti ya mama.