Mama na Ngome ya Janjira

Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa akisafiri bila sababu. Watu walitoka Pangani kwenda Tanga au Dar es Salaam kwa ajili ya msiba, harusi, kesi ya shamba au kumuuguza mtu, na hata aliyevuka kwenda Unguja na kurudi kesho yake alikuwa na maelezo ya kutosha kwa yeyote ambaye angemuuliza njiani. Mama alipokuja India mwezi Januari mwaka 2014, alikuja kwa sababu iliyo nzito kuliko zote hizo, yaani maradhi: vijiwe vya figo vilikuwa vimemtesa kwa muda mrefu, na ndugu walichangishana hadi nauli na gharama za hospitali zikapatikana.

Wakati huo nilikuwa nasoma Pune, mji ambao Watanzania na Wakenya wengi wamepitia vyuo vyake, na kila Mama alipokuwa na miadi nilishuka kwa treni hadi Mumbai ili niwe mkalimani wake. Matibabu yalikwenda salama. Daktari akataka asubiri siku kadhaa kabla ya kipimo cha mwisho, akamruhusu kutembea bila kujichosha, akamsisitizia anywe maji mengi na apunguze chumvi. Tatizo likawa mahali pa kusubiria. Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa jirani na hospitali, na wapangaji wake karibu wote walikuwa wagonjwa na wauguzaji wao, kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Baghdad, ambao asubuhi walisalimiana kwa kuulizana majibu ya vipimo na usiku wakaagana kwa kutajiana dawa. Mtu aliyekaa pale kwa muda angeweza kuamini kwamba India nzima ni wodi moja kubwa yenye kelele za honi nje ya dirisha.

Mimi nilikwisha kuijua India nyingine, na niliijua kwa fadhila ya mwanafunzi mwenzangu, Mmarathi wa Pune, ambaye familia yake haikuweza kuiona wikiendi ya majira ya baridi ikipita bure. Mara walipanda Mahabaleshwar kula stroberi, mara wakaenda Matheran, mji wa mlimani ambako magari hayaruhusiwi na watu hutembea kwa miguu au kwa farasi kwenye vumbi jekundu, na mara nyingine walikwenda Lonavala kwa kikombe cha chai tu na kurudi jioni. Nilifuatana nao mara nyingi kiasi cha kuzijua taratibu zao: chakula kilifungwa tangu usiku, ugomvi wa nani atakaa dirishani ulianza kabla gari halijawashwa, na njia nzima iliimbwa antakshari, mchezo ambao kila upande huanza wimbo wake kwa herufi iliyomalizia wimbo wa upande mwingine. Hawakuwa matajiri. Kutembea kwao kulikuwa sehemu ya matumizi ya nyumba, kama mafuta na unga.

Mama wa rafiki yangu aliposikia kwamba Mama anasubiri kipimo ndani ya chumba chenye kitanda na feni, alitukaripia sisi vijana kwa Kimarathi ambacho sikukielewa chote, kisha akaamua kwamba Jumamosi tutakwenda pwani. Alichagua Murud, mji mdogo wa ukanda wa pwani uitwao Konkan, ulio kusini mwa Mumbai, kwa kuwa hakuna milima ya kupanda na kwa kuwa, alivyosema, mgonjwa aliyezaliwa kando ya bahari hawezi kupona akitazama ukuta.

Nilipompelekea Mama habari hiyo alikunja kanga yake polepole, akaniuliza, “Tunakwenda kumwona nani?”

“Hatuendi kumwona mtu, Mama. Tunakwenda kutembea tu.”

“Kutembea tu, kwa nauli?”

Alikubali kwa heshima ya mama wa watu, si kwa kushawishika, na nina hakika kwamba alipokuwa akiwaaga wenzake pale nyumba ya wageni aliwaambia kuwa anakwenda kuwaamkia wazazi wa rafiki wa mwanawe. Sikumsahihisha.

Tulipanda boti penye Gateway of India, lile lango kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1924, ambako kwa wiki zote hizo Mama alikuwa amepita kwa teksi bila kugeuza shingo. Boti ya Mandwa huchukua kama saa moja kuvuka ghuba, na katika miezi ya baridi shakwe huifuata kwa makundi, kwa maana abiria huwarushia vitafunio vya kukaanga. Dada mdogo wa rafiki yangu alimpa Mama pakiti. Mwanzoni aliishika tu, akasema kwamba kuwatupia ndege chakula cha kununua ni kufuru, lakini baada ya muda nikamwona amesimama kwenye ukingo, mkono juu, akiwachagua shakwe dhaifu na kuwafokea wale wenye nguvu.

Kutoka Mandwa tulichukua basi hadi Alibag, ambalo nauli yake imo ndani ya tiketi ya boti, na pale tukakodi gari. Njia ya kusini inafuata bahari: inavuka mkono wa bahari penye mikoko pale Revdanda, inapita ufuko mweupe wa Kashid, kisha inaingia katika mashamba ya minazi na mipopoo yaliyozungushiwa kuta fupi za mawe mekundu. Mama, aliyekuwa ameshiriki antakshari kwa kupiga makofi tu, alinyamaza kabisa, akawa anatazama nyumba, visima, nyavu zilizoanikwa na samaki waliotandazwa juani. Baadaye aliniambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba tumefika Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kwetu kati ya Tanga na Pangani.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya familia inayopokea wageni na kuwapikia. Nyuma yake, jikoni, mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya kibao chenye kisu kilichosimama wima, na kwenye ncha ya kisu hicho kulikuwa na duara la meno ambalo alikuwa akikunia nazi. Wenyewe hukiita vili, na kisu chake hukatia mboga na samaki pia, lakini kwa Mama kilikuwa mbuzi na hakuna zaidi. Hakuomba ruhusa kwa maneno, kwa sababu hawakuwa na lugha ya pamoja. Alivua viatu, akanyoosha mkono, akapewa kizio cha pili, na mwenye nyumba akamsogezea kibao. Mama alikuna nazi ile kwa haraka na kwa usafi, bila kugusa ganda la kahawia, na mama wa rafiki yangu, ambaye jikoni kwake Pune nazi husagwa kwa mashine ya umeme, alisimama mlangoni akimhesabia mizunguko. Tui lilipokamuliwa Mama alilionja kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakasirika kidogo alipoona linachanganywa na maji mekundu ya kokamu, tunda chachu la huko, ili liwe kinywaji cha solkadhi. Tui jema namna ile, kwa maoni yake, lilistahili wali.

Wali ulikuwapo pia, pamoja na nguru aliyepakwa pilipili na kukaangwa na semolina, na vibua katika mchuzi mzito. Nilijaribu kumkumbusha habari ya chumvi. Alinijibu kwamba daktari alisema apunguze, hakusema aache, na kwamba chumvi iliyo ndani ya samaki ameiweka Mungu.

Asubuhi tulikwenda gati la Rajapuri, mahali ambapo mashua za tanga huwapeleka wageni kwenye ngome ya Janjira, iliyojengwa juu ya kisiwa cha mwamba na kuzungukwa na bahari pande zote. Kuta zake zinatoka moja kwa moja majini, na lango lake kuu limejificha kati ya minara ya mviringo hivi kwamba huwezi kulitambua hadi chombo kiwe karibu kuligusa. Mama hakuangalia ngome. Aliangalia foromali, kamba na mkono wa nahodha kwenye usukani, na tulipokata upepo alinong’ona kwamba tanga limechakaa lakini mtu huyu anajua kazi.

Mbele ya lango hakukuwa na gati la maana, ila ngazi za mawe, na mashua zilipanda na kushuka kwa mawimbi huku mabaharia wakiwavuta abiria mmoja mmoja. Watu wa Mumbai walipiga kelele, mama wa rafiki yangu akamshika baharia shingoni, na mimi nilirukia ngazi nikaangukia magoti. Mama alishika kandambili mkononi, akasubiri wimbi limwinue, akavuka kama anayetoka sebuleni kwenda barazani.

Ukutani penye lango kumechongwa mnyama wa jamii ya simba aliyewakamata tembo kwa makucha yake. “Tembo hawa ni wadogo kuliko paka,” alisema Mama, na baharia aliyekuwa akitutembeza alipoona tunacheka akataka atafsiriwe. Ndipo rafiki yangu akatusimulia habari ambayo kila mtoto wa Kimarathi huijua shuleni. Shivaji, shujaa wao mkuu wa karne ya 17, alijaribu kuiteka ngome hii akashindwa, akajenga yake mwenyewe, Padmadurg, ambayo inaonekana kutoka hapo, na mwanawe Sambhaji alijaribu pia bila mafanikio. Waliowashinda walikuwa Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, hasa Uhabeshi, ambao wengine waliletwa utumwani na wengine wakaja kama askari na mabaharia, wakatawala Janjira mpaka eneo hilo lilipoingizwa katika India huru mwaka 1948.

“Ndugu zako hawa walitutesa sana,” rafiki yangu alimwambia Mama kwa mzaha, nami nikatafsiri.

“Mwambie tunamwomba radhi,” Mama akajibu, “lakini nyumba ya watu haifunguliwi kwa kila anayebisha hodi.”

Mizinga haikumvutia, hata ule mkubwa wa Kalal Bangdi ambao wageni hupanga foleni wapigwe picha nao. Alichotaka kuona ni maji. Alikuwa ameuliza tangu kwenye mashua watu hao walikunywa nini katikati ya chumvi yote hiyo, na alipoonyeshwa mabwawa mawili ya maji baridi ndani ya kuta, moja likiwa na ngazi za mawe za kuteremkia, alikaa juu ya ngazi hizo kwa muda mrefu kuliko wote. Alitaka kujua wanawake walifulia wapi, nani alilinda zamu ya kuteka na waliozaliwa humu walizikwa wapi. Baharia alijibu aliyoyajua, rafiki yangu akayatia kwenye Kiingereza, mimi kwenye Kiswahili, na nadhani kila jibu lilimfikia likiwa limepungua nusu. Hata hivyo aliendelea kuuliza, hadi abiria wa mashua yetu wakaanza kutuita.

Siku ya kipimo nilikaa kati yake na daktari kama kawaida. Daktari aliangalia picha, akasema figo ni safi, akauliza kama mgonjwa amepumzika. Mama akaniagiza nimjibu kwamba amekwenda kutembea Murud, na alilitamka jina la mji kwa kujigamba, bila kumtaja mtu yeyote aliyekwenda kumwona. Daktari akafurahi, akauliza habari ya maji, akaambiwa yamenywewa mengi. Akauliza habari ya chumvi. Mama alinitazama kidogo, akasema, “Mwambie nimepunguza,” nami nikatafsiri hivyohivyo, na cheti cha kusafiri kikaandikwa.