Mpe Rafiki Kitabu Atakachokimaliza

"Kisome, ni kizuri sana." Maneno manne tu, na hayamsaidii mtu. Kila anayesifu kitabu husema ni kizuri. Rafiki yako anataka kujua kama kitamfaa yeye, kitamchukua muda gani, na ni wapi huenda kikamchosha.

Mwaka 1936, mchapishaji wa London aitwaye Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, mswada ausome na kuandika ripoti kwa malipo ya shilingi moja. Ulikuwa mswada wa The Hobbit, riwaya ya fantasia ya J.R.R. Tolkien, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Ripoti ya Rayner ilikuwa fupi mno, lakini kila sentensi ilibeba jambo: mhusika ni nani, nani alimshawishi atoke nyumbani, alipambana na viumbe gani, kwamba ramani zinatosha hata bila picha, na kwamba kingewafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Hata hivyo, ilisema pia kuwa joka linauawa na mhusika anarudi kwao akiwa tajiri. Kwa mchapishaji hilo halina ubaya, maana lazima ajue hadithi inaishaje kabla ya kutoa fedha zake. Ukimfanyia rafiki hivyo, umemmalizia uhondo. Mwige Rayner kwa uwazi wake, ila ishia njiani.

Kabla ya kutaja kitabu chochote, uliza. Swali la "unapenda vitabu vya aina gani?" huwa halizai kitu, hasa kwa mtu aliyesoma vichache. Muulize ni filamu au mchezo gani wa kompyuta ulipoisha akatamani uendelee. Kisha muulize ni kitabu gani alikiacha, na aliachia wapi. Swali hili la pili ndilo lenye faida kubwa. Aliyeacha kwenye ukurasa wa 15 mara nyingi alichoshwa na maelezo yaliyotangulia tukio la kwanza, kwa hiyo mtafutie kitabu kinachoanza na mtu anayekimbia au kugombana. Aliyefika ukurasa wa 120 ndipo akaacha hakuwa na tatizo la mwanzo. Huenda wahusika walikuwa wengi akawachanganya, au safari ilijirudia. Huyo anahitaji kitabu chembamba chenye wahusika wachache.

Piga naye hesabu ya muda pia. Ukurasa wa kawaida wa riwaya ya vijana una takriban maneno 250, na msomaji wa kasi ya wastani huumaliza kwa dakika moja na nusu hivi. Kurasa 240 ni kama saa sita. Akisoma dakika 20 kila siku atamaliza kwa siku 18. Ukimwambia hivyo, unene wa kitabu unaacha kumtisha, na ninyi wawili mnajua mapema kama kitaisha kabla ya likizo kwisha.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe, kwa sababu hazipendekezwi kwa namna moja.

Riwaya ya safari na hatari ina ahadi moja: mtu ataondoka mahali salama. Mwambie rafiki anaondoka lini. Chukua Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka kama kitabu mwaka 1883. Kina sura 34, na meli inang'oa nanga katika sura ya 10. Sura sita za mwanzo zimejaa vitisho, ila zote ni za nchi kavu, nyingi zikiwa kwenye nyumba ya wageni. Msomaji aliyeahidiwa bahari na maharamia akifika sura ya 5 bila kuona hata tanga atadhani umemdanganya. Sentensi moja inamwokoa: "Vumilia mpaka sura ya 10, halafu ya 11 isome usiku." Kinachosikika ndani ya pipa la matufaha katika sura hiyo ya 11, usikiguse kabisa.

Fantasia, yaani riwaya za ulimwengu wa kubuni wenye uchawi, ndiyo inayoharibiwa zaidi na wapendekezaji, na wanaoiharibu ni wale wanaoipenda sana. Mtu anaanza kueleza falme tano, aina tatu za uchawi na vita vya kale vya miaka elfu, na msikilizaji amepotea kabla hata ya kumjua shujaa. Taja mtu mmoja, kitu anachokitaka, na sharti moja la ulimwengu ule. Kwa mfano wa kubuni: "Msichana anaweza kuongea na mito, lakini kila akiongea nayo anasahau jina la mtu mmoja." Sharti lenye gharama humfanya msikilizaji aanze kuuliza mwenyewe: je, akisahau jina la mama yake? Falme tano atazikuta ndani.

Majina nayo ni kikwazo halisi. Kama kitabu kina majina marefu ya kubuni, yafanyie mazoezi kabla hujasimama mbele ya wenzako, kwa sababu ukijikwaa kwenye jina la shujaa, wao watahofia kitabu kizima. Mwonyeshe rafiki ramani iko ukurasa gani na kama nyuma kuna orodha ya wahusika. Wengi hawajui ipo mpaka wamalize.

Halafu kuna suala la mfululizo, ambalo watu hulipuuza. Sema wazi ni vitabu vingapi, kama vyote vimekwisha kutoka, na kama cha kwanza kinajitosheleza au kinakatika pabaya. Ni uonevu kumpa mtu kitabu kinachoishia shujaa ananing'inia kwenye jabali wakati cha pili hakipatikani. Angalia pia namba zilizopo kwenye mgongo wa kitabu. Mfululizo wa Narnia wa C.S. Lewis una vitabu 7. The Lion, the Witch and the Wardrobe ndicho kilichotangulia kutoka, mwaka 1950. The Magician's Nephew kilitoka mwaka 1955, lakini matoleo mengi yamekipa namba 1 kwa kuwa kinasimulia chanzo cha ulimwengu wa Narnia. Anza na cha 1950. Ndani yake msomaji anakutana na nguzo ya taa katikati ya msitu wenye theluji asijue imefikaje pale, na mshangao huo hataupata akianza na kitabu kinachofumbua fumbo lenyewe.

Riwaya za michezo zina mtego wake: tunadhani mpenda mpira atapenda riwaya ya mpira. Si lazima. Wengine wanaocheza kila jioni huona mechi ya kwenye karatasi inakwenda polepole mno, na wengine wasiojua hata idadi ya wachezaji huzipenda kwa sababu ya ugomvi wa timu, kocha mkali, au mzazi asiyetaka mwanawe acheze. Kwa hiyo eleza kitabu kimegawanyika vipi: nusu uwanjani na nusu nyumbani, au kila sura ni mechi? Sema kama asiyeijua sheria ya mchezo atapotea. Na matokeo ya fainali usiyataje hata kwa tabasamu.

Kwa asemaye "mimi vitabu vinene siwezi", ipo The Crossover ya Kwame Alexander, iliyotoka mwaka 2014 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto nchini Marekani, mwaka 2015. Inahusu mapacha wawili wanaocheza mpira wa kikapu, na yote imeandikwa kwa mashairi. Mistari ni mifupi, kurasa nyingi zina nafasi tupu, na mdundo wake unafanana na mpira unaodundwa. Msomaji wa polepole huona kurasa zinageuka haraka, na hilo humtia moyo kuliko sifa yoyote.

Kuhusu mpaka wa kusimulia, tumia robo. Kitabu cha kurasa 240, usitoe jambo lolote lililo baada ya ukurasa wa 60. Hata "utashangaa mwishoni!" ni kutoboa siri, kwani msomaji ataanza kumshuku kila mhusika mwema.

Ukipewa nafasi ya kusema mbele ya wengi, soma kwa sauti ukurasa mmoja badala ya kusifu kwa dakika tano. Chagua wenye mazungumzo, mahali fulani kati ya ukurasa wa 10 na wa 40, ambao hauhitaji utangulizi wa zaidi ya sentensi mbili. Weka alama mahali pa kuachia, na pawe pale swali limeulizwa lakini jibu halijatolewa. Kosa la kawaida ni kunogewa ukaendelea, ukalisoma jibu. Funga kitabu.

Kama unaandika kikaratasi cha kubandika rafuni, maneno 40 hadi 60 yanatosha: nani, anataka nini, nini kinamzuia, kurasa ngapi, na kinamfaa mtu wa namna gani. Taja pia kasoro moja ya kweli, kama "katikati kuna kurasa 20 za mafunzo zinazokwenda taratibu". Watu huamini sifa zako zaidi wanapoona hukuficha kasoro.

Ukishamwazima, usimuulize kila asubuhi kama amemaliza, maana kitabu kitageuka deni. Baada ya siku nne au tano muulize amefika wapi, basi. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu haki za msomaji, aliiweka haki ya kutomaliza kitabu pamoja na ile ya kuruka kurasa. Mpe rafiki haki hizo kwa moyo mweupe. Akikirudisha hajakimaliza, muulize ukurasa alioachia na uuandike. Akikwambia ni wa 90, pale walipofunga mizigo kuanza safari nyingine tena, kinachofuata kiwe kifupi na cha mahali pamoja: kisiwa kimoja, shule moja, uwanja mmoja.